Ng'ombe Hazeeki Maini: Mwili wa Mzee Unapodaiwa Safari Ngumu

Ubishi ulianza kwa picha ya simu. Kwenye kijiwe cha kahawa karibu na Makoroboi, hapa Mwanza, mzee mwenzetu mmoja alitupitishia picha ya bibi wa Kimarekani, Anne Lorimor, ambaye mwezi Julai 2019 alifika kilele cha Uhuru juu ya Mlima Kilimanjaro akiwa na umri wa miaka 89. Wa kwanza kuishika simu akasema huo ni uongo wa mitandaoni. Wa pili akasema si uongo, ila Wazungu wana mifupa yao na chakula chao, na kwamba sisi tuliokulia kwenye jembe miili yetu imeshatumika ikaisha. Wa tatu, dereva mstaafu wa malori mwenye miaka 66, akaweka kikombe chini na kutangaza kwamba umri ni namba tu, ng'ombe hazeeki maini, na mwakani yeye mwenyewe anaupanda mlima huo.

Nilifundisha biolojia kwa zaidi ya miaka 30 kabla ya kustaafu, na nilirudi nyumbani nikiamini kwamba wote watatu walikuwa wamekosea, na kwamba kosa la yule wa tatu, ambalo ndilo tamu zaidi masikioni, ndilo linaloweza kuua mtu. Kwa kuwa habari za wazee wanaopanda milima, wanaokimbia mbio ndefu na kuogelea baharini zinazidi kusambaa, na kwa kuwa kila mtu huzitafsiri apendavyo, nimeona ni vyema nieleze kwa utaratibu kinachotokea ndani ya mwili wa mtu mzima pale unapodaiwa kazi kubwa kuliko ya kila siku.

Tuanze na maneno, maana nusu ya ubishi ule ilitokana na watu kutumia neno moja kwa maana tofauti. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuwa ni mtu mwenye miaka 60 na kuendelea, na huo pia ndio umri ambao watumishi wengi wa umma hustaafu kwa lazima. Huo ni umri wa kalenda, nao humfikia kila mtu kwa mwendo uleule, kama kodi ya nyumba inavyofika mwisho wa mwezi uwe na fedha au huna. Umri wa mwili ni jambo jingine, kwa sababu hutegemea magonjwa uliyopitia, kazi uliyoifanya, chakula ulichokula na, zaidi ya yote, kiasi unachoendelea kujishughulisha hadi leo. Neno la tatu ni akiba ya mwili, yaani tofauti kati ya nguvu unayoitumia siku ya kawaida na nguvu ya juu kabisa ambayo moyo, mapafu na misuli yako inaweza kuitoa ikilazimika. Neno la nne ni uhimilivu. Wengi hudhani uhimilivu ni ugumu wa kutotikisika, kama Jiwe la Bismarck, lile jabali la ziwani hapa Mwanza, linavyopigwa na mawimbi bila kusogea, lakini katika elimu ya mwili uhimilivu ni uwezo wa kurudi ulipokuwa baada ya kutikiswa. Mtu aliyelala siku nne kwa malaria kisha juma lililofuata akawa anatembea kama zamani ana uhimilivu. Aliyeugua siku nne zilezile na hajarudia mwendo wake hadi leo, akiba yake ilikuwa imekaribia kwisha kabla hata mbu hajamuuma.

Watu wa ziwani wataelewa akiba hii kwa haraka wakiutazama mtumbwi. Nenda mwalo wa Igombe asubuhi, wakati ziwa limetulia kama mafuta, utazame mitumbwi miwili iliyopakiwa. Mmoja una ubavu mrefu juu ya maji, mwingine ubavu wake umebaki vidole vinne tu. Yote miwili inaelea, yote miwili inasonga, na mgeni hawezi kuona tofauti. Tofauti hujitokeza mchana, upepo unapogeuka na kuanza kuvuma kutoka ziwani, kwa kuwa wimbi lilelile linalomlowanisha tu nahodha wa mtumbwi wa kwanza ndilo linalouzamisha wa pili. Uzee hufanya ubavu wa mtumbwi ushuke kidogo kidogo mwaka hadi mwaka. Kisukari, shinikizo la damu na uzito uliozidi ni magunia yanayoongezwa ndani. Mazoezi ni mbao zinazopigiliwa juu ya ukingo. Sasa unaona kwa nini watu wawili wenye miaka 70, wanaokwenda sokoni pamoja na kurudi pamoja bila shida, wanaweza kuwa na hatima mbili tofauti kabisa siku wanapoamua kupanda mlima.

Ubavu huo unashuka kwa kasi gani? Moyo una kikomo cha mapigo, nacho hupungua kadiri miaka inavyosonga. Kanuni ya kukadiria inayotumika sana ni kutoa umri wako kutoka 220, hivyo kijana wa miaka 20 kikomo chake ni takribani mapigo 200 kwa dakika na mtu wa miaka 70 ni takribani 150, ingawa watu hutofautiana sana na kanuni hiyo isichukuliwe kama kipimo cha hospitali. Kwa sababu hiyo na nyingine, kiasi cha juu cha oksijeni ambacho mwili unaweza kukitumia hupungua kwa karibu asilimia 10 kila muongo baada ya miaka 30. Hiyo ndiyo habari mbaya. Habari ambayo wengi hawaijui ni kwamba kwa watu wanaoendelea na mazoezi upungufu huo unaweza kuwa karibu nusu yake.

Mwaka 1966, huko Dallas, Marekani, watafiti waliwalaza kitandani vijana watano wenye afya, wenye umri wa miaka 20, kwa wiki tatu mfululizo, wakapima jinsi uwezo wao ulivyoporomoka. Miaka 30 baadaye waliwatafuta watu walewale watano, sasa wakiwa na miaka 50, wakawapima tena. Ilionekana kwamba wiki tatu za kulala kitandani ujanani zilikuwa zimewapunguzia uwezo wa moyo na mapafu kuliko miaka 30 ya kuzeeka. Kisha wakawafanyisha mazoezi ya taratibu kwa miezi sita, na uwezo ule uliopotea kwa miaka 30 ukarudi. Watu watano ni wachache, nakubali, lakini kila ninapomwona mstaafu anayeita bodaboda ili afike dukani mita 300 kutoka kwake, nawakumbuka vijana wale na vitanda vyao. Sehemu kubwa ya tunachokiita uzee ni kukaa.

Misuli nayo ina hadithi yake, na hapa ndipo penye utata ambao watu wengi hawauelewi. Ndani ya msuli kuna nyuzinyuzi za aina mbili kuu. Zipo za polepole, ambazo hazina nguvu kubwa lakini hazichoki upesi, na hizo ndizo zinazomwezesha mtu kutembea kutoka Buhongwa hadi mjini. Zipo za haraka, zenye nguvu ya ghafla, zinazotumika kuruka mtaro, kudaka kikombe kinachoanguka, au kurudisha mguu chini unapojikwaa. Umri hula zaidi zile za haraka. Ndiyo maana unaweza kumwona mzee anayetembea kilomita kumi bila kutokwa jasho jingi, lakini akikanyaga ganda la ndizi anaanguka kama gunia, kwa kuwa mguu wake ulijua la kufanya ila ulichelewa. Kwa hiyo mtu anayejipima kwa kutembea pekee anapima nusu ya mwili wake. Wazee wetu wa Kisukuma walikuwa na dawa ya jambo hili bila kuliita zoezi. Atazamaye bugobogobo ikichezwa Bujora wakati wa sikukuu ya Bulabo, jembe likirushwa juu na kudakwa, mchezaji akichuchumaa na kuinuka kwa mdundo wa ngoma, anaona nguvu ya ghafla, usawa wa mwili na pumzi vikifanyiwa kazi kwa wakati mmoja.

Je, nyuzinyuzi zilizodhoofika zinaweza kurudi? Methali yetu ya samaki mkunje angali mbichi inatufundisha kwamba mtu mzima hakunjiki tena, na kuhusu tabia huenda ni kweli. Kuhusu misuli si kweli. Mwaka 1990 ilichapishwa kazi ya watafiti wa Marekani waliowachukua wakazi kumi wa nyumba ya kulelea wazee, dhaifu, wenye umri wa karibu miaka 90 na zaidi, wakawapa mazoezi mazito ya kunyanyua uzani kwa miguu kwa wiki nane. Nguvu za miguu yao ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 174, yaani zilizidi maradufu. Hawakuwa vijana kwa hilo. Walikuwa wazee wenye ubao mmoja zaidi juu ya ukingo wa mtumbwi.

Hapa mtu wa Mwanza ataniambia kwamba sisi hatuhitaji utafiti wa Marekani, kwani tunao wazee wa milimani. Ni kweli tunao. Ukiamka alfajiri ukapanda Mabatini, Bugarika au Igogo, kwenye nyumba zilizojibanza katikati ya majabali, utapishana na bibi wa miaka 75 mwenye ndoo kichwani, akipanda ngazi za mawe ambazo kijana wa ofisini angezipanda kwa vituo vitatu. Wanasema ni hewa ya mlimani, wengine wanasema ni dagaa. Jibu la sehemu ni rahisi, kwamba bibi huyo amefanya zoezi la miguu kila siku kwa miaka 40 bila kukosa. Lakini kuna sehemu ya pili ya jibu ambayo hatupendi kuisema. Waliokuwa na magoti mabovu, waliopooza upande mmoja na walioishiwa pumzi hawako tena pale juu. Wengine wameshushwa na watoto wao wakahamia tambarare, wengine hawatoki ndani, na wengine wametangulia mbele ya haki. Tunaokutana nao kwenye ngazi ni wale tu ambao mlima haujawashinda, nasi tunatoka hapo tukisema wazee wa mlimani wote ni imara.

Kosa hilohilo ndilo tunalolifanya na habari za wazee mashujaa. Mjapani Yuichiro Miura alifika kilele cha Everest mwezi Mei 2013 akiwa na miaka 80, na picha yake ikazunguka dunia. Ambacho hakikuzunguka sana ni kwamba alikuwa ameshaupanda mlima huo akiwa na miaka 70 na tena akiwa na miaka 75, kwamba alikuwa amefanyiwa matibabu ya moyo, kwamba alikuwa na timu kubwa na mitungi ya oksijeni, na kwamba wakati wa kushuka alichoka kiasi cha kuchukuliwa na helikopta akiwa bado juu sana. Aliyekuwa ameshikilia rekodi kabla yake, Mnepali Min Bahadur Sherchan, aliyefika kileleni mwaka 2008 akiwa na miaka 76, alirudi mwaka 2017 akiwa na miaka 85 ili aichukue tena, akafia kambini chini ya mlima kabla hajaanza kupanda. Anayesema umri ni namba tu ameisoma habari moja akaiacha nyingine.

Basi kama umri wa kalenda hausemi ukweli wote, na wala haupuuziki, mtu apime kwa kigezo gani? Kwa maoni yangu, kinachoua au kuvunja ni pengo kati ya mwili ulichozoea na unachodaiwa ghafla. Mwaka 1993 ilichapishwa kazi kuhusu watu waliopata mshtuko wa moyo, ikilinganisha hatari iliyokuwapo ndani ya saa moja baada ya shughuli nzito na hatari ya muda ambao mtu hakuwa na shughuli hiyo. Kwa watu waliozoea kufanya mazoezi mara tano au zaidi kwa wiki, hatari iliongezeka mara mbili na ushei. Kwa wale ambao hata mara moja kwa wiki hawafanyi, iliongezeka zaidi ya mara 100. Hatari yenyewe kwa saa moja ni ndogo sana, hivyo hata ikizidishwa hivyo mtu hapaswi kuogopa kukimbilia daladala, lakini tofauti kati ya makundi hayo mawili inaeleza kwa nini msiba wa mstaafu aliyefia kwenye bonanza la mpira wa maveterani hauthibitishi kwamba mazoezi ni mabaya. Unathibitisha kwamba bonanza halikupaswa kuwa siku yake ya kwanza.

Mimi mwenyewe nililionja pengo hili, kwa bahati nzuri kwa aibu tu. Mwaka niliostaafu, wanafunzi wangu wa zamani walinialika tupande nao kilima kimoja hapa mjini asubuhi ya Jumamosi. Nilipanda vizuri, nikawaacha wawili nyuma, nikajisifu. Tukashuka kwa mwendo wa kasi tukicheka. Jumapili nilikuwa na maumivu kidogo, na Jumatatu sikuweza kuchuchumaa chooni, na wenye vyoo vya shimo wanajua hiyo ni dharura ya namna gani. Nilikuwa nimesahau somo nililolifundisha kwa miaka mingi, kwamba kupanda huchosha moyo na mapafu, ilhali kushuka huumiza misuli. Unaposhuka, misuli ya mbele ya mapaja hufanya kazi ya breki, ikivutwa na kurefuka huku imebeba uzito wote wa mwili, na kazi ya namna hiyo huichana nyuzinyuzi kwa michubuko midogo sana ambayo maumivu yake hufika kilele siku ya pili au ya tatu. Kijana hupona upesi. Mimi ilinichukua hadi Ijumaa. Msuli wa mzee hujengeka kwa kanuni zilezile za msuli wa kijana, ila fundi wake ni mmoja na anakuja kazini amechelewa, kwa hiyo siku za mapumziko ni sehemu ya zoezi lenyewe. Anayetaka kupanda Kilimanjaro na akafanya mazoezi ya kupanda tu, bila kuzoeza mapaja kushuka, atafika juu kisha ateseke kurudi.

Kuhusu Kilimanjaro yenyewe, yule wa kwanza kijiweni aliyesema ni uongo alikuwa na hoja iliyofichika: pale juu, mita 5,895, msukumo wa hewa ni karibu nusu ya ule wa pwani, hivyo kila pumzi huingiza karibu nusu ya oksijeni, na kama vijana wanatapika na kuumwa kichwa, itakuwaje kwa bikizee? Hapa maumbile yanatushangaza. Ugonjwa wa mwinuko, yaani kuumwa kichwa, kichefuchefu, kizunguzungu na kukosa usingizi kwa sababu ya kupanda juu kuliko mwili ulivyozoea, haumpendelei mzee kumshika. Kinachouleta zaidi ni kasi ya kupanda. Mwili unahitaji siku kadhaa kujirekebisha: kwanza pumzi huwa za haraka na za kina zaidi, kisha figo hurekebisha damu ilingane na pumzi hizo, na baadaye chembe nyekundu za damu huongezeka. Kijana mwenye mapafu ya mkimbiaji anaweza kuukimbilia mlima haraka kuliko figo zake zinavyoweza kumfuata, akaangushwa. Neno la waongoza watalii wa Kilimanjaro, polepole, ambalo wageni huliimba kama mzaha, ni tiba kamili. Mzee hana namna nyingine ya kwenda, na udhaifu huo humsaidia. Wala tusijidanganye kwamba sisi wa Mwanza tumeshazoea kwa sababu ziwa letu liko mita zaidi ya 1,100 juu ya usawa wa bahari, kwani tatizo huanza juu zaidi ya hapo, takribani mita 2,500. Mwenye ugonjwa wa moyo au wa mapafu ana hesabu yake tofauti, nayo huifanya na daktari.

Mwendo wa polepole wenye maarifa unaonekana majini pia. Mwaka 2013 Mmarekani Diana Nyad, akiwa na miaka 64, aliogelea kutoka Kuba hadi Florida, karibu kilomita 177, kwa takribani saa 53. Ilikuwa mara yake ya tano kujaribu, na ya kwanza ilikuwa mwaka 1978, alipokuwa na miaka 28. Wasimamizi wa mchezo huo hawakuidhinisha rasmi safari yake, na ubishi juu ya kumbukumbu zake umebaki, lakini kuogelea kwa kiasi hicho katika umri huo si jambo la kubishia. Mwili wa miaka 28 ulikuwa na nguvu zaidi. Wa miaka 64 ulikuja na barakoa ya kuzuia yavuyavu wenye sumu na uzoefu wa kushindwa mara nne. Mvuvi mzee wa huku kwetu anayepiga kasia kwa nguvu ndogo lakini akawahi kufika, kwa sababu ameondoka na upepo wa alfajiri unaosukuma kutoka nchi kavu, anafanya vilevile. Hata hivyo, anayetaka kujaribu umbali wa kuogelea asijaribie kokote katika Ziwa Victoria. Kichocho kipo, mamba na viboko wapo, na upepo wa mchana hausubiri.

Kuna dhana ya magoti, nayo niimalize upesi. Watu husema goti ni kama tairi, lina kilomita zake. Gegedu la goti, yaani ile tishu nyororo inayofunika ncha za mifupa, halina mishipa ya damu. Hulishwa na majimaji yanayoingia na kutoka linapobanwa na kuachiwa, kama sifongo la kuoshea vyombo. Sifongo lisilobanwa hukauka. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2017 yaliwakuta na ugonjwa wa kulika kwa viungo vya nyonga au goti asilimia 3.5 ya watu wanaokimbia kwa kujifurahisha, asilimia 10.2 ya wasiokimbia, na asilimia 13.3 ya wakimbiaji wa mashindano. Yawezekana baadhi ya wenye magoti mabovu waliacha kukimbia mapema, lakini takwimu hizo hazifanani na za tairi.

Yapo mambo mawili ya kawaida ambayo yanamwangusha mzee safarini kuliko mlima wenyewe. La kwanza ni maji. Hisia ya kiu hufifia na umri, hivyo mzee anaweza kupungukiwa maji huku akisema hana kiu, na kama anatumia zile dawa za presha zinazoongeza mkojo, hali huwa mbaya kwa haraka. Anywe kwa saa, asisubiri kiu. La pili ni chakula. Msuli wa mzee ni mgumu kushawishika kujijenga, kwa hiyo unahitaji protini ya kutosha katika kila mlo, lakini wengi wetu tunaanza siku kwa chai ya rangi na michembe au matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa. Ni chakula kizuri cha nguvu, ila hakijengi. Kikiandamana na karanga za kutosha, dagaa, yai au kipande cha sato, kazi ya jana haipotei.

Na kichwa je? Fauja Singh, Mhindi aliyehamia Uingereza, alianza mbio ndefu akiwa na zaidi ya miaka 80, baada ya kufiwa na mke na mtoto, na mwaka 2011 alikamilisha maratoni ya Toronto akitajwa kuwa na miaka 100. Rekodi yake haikutambuliwa rasmi kwa kuwa hakuwa na cheti cha kuzaliwa, jambo ambalo wazee wetu wanaohesabu miaka yao kwa njaa na nzige watamhurumia. Alifariki Julai 2025 kwa kugongwa na gari akivuka barabara. Mtu huyu hutajwa kama mfano wa mwili wa ajabu, nami naona mwili wake haukuwa ajabu kuliko sababu yake ya kuamka asubuhi. Ila sababu hiyohiyo ikigeuka kiburi hupoteza watu. Mwezi Januari 2019 Miura, sasa akiwa na miaka 86, alikuwa akiupanda mlima Aconcagua wa Ajentina, daktari wake akamwambia moyo hautahimili, naye akageuka. Nauona ugeukaji ule kuwa kazi ngumu kuliko kilele cha mwaka 2013.

Dereva wetu mstaafu hakusahau tangazo lake. Wiki iliyofuata aliniuliza, "Mwalimu, tunaanza lini?" Nikamweleza mambo ambayo Shirika la Afya Duniani linawataka watu wa miaka 65 na kuendelea wayafanye: angalau dakika 150 za shughuli ya wastani kwa wiki, mazoezi ya nguvu siku mbili au zaidi, na ya usawa wa mwili siku tatu au zaidi, na kwamba hicho ni kiwango cha kuanzia tu kwa anayewaza Kilimanjaro. Nikamwambia maumivu ya kifua yanayopanda shingoni au mkononi, kuishiwa pumzi kusiko kwa kawaida na kuona giza ni amri ya kusimama, haijalishi kilele kimebaki hatua ngapi. Kabla ya yote nikampeleka kupima. Presha yake ilikuwa juu na hakujua, akaanzishiwa dawa, na mojawapo huzuia moyo kwenda mbio, hivyo kuhesabu mapigo hakumfai tena.

Tumebuni kipimo kingine. Salamu za Kisukuma ni ndefu. Ukimwambia mtu mwangaluka, utaulizwa habari za nyumbani, za watoto na za ng'ombe, na utatakiwa kujibu zote. Tukipishana na mtu kwenye ngazi za mawe, kama dereva ameweza kuijibu salamu yote bila kukata maneno, tunaendelea. Akiishia njiani, tunakaa juu ya jiwe hadi aimalize. Mwezi wa kwanza aliishia kwa watoto. Sasa amefika kwa ng'ombe, tunashuka taratibu tukishika ukuta, na kesho yake hatupandi popote, kwa sababu mapaja yake yanataka siku mbili. Kuhusu mlima, hasemi tena mwakani. Anasema akifikisha miaka 70.